Moto Usio na Moshi

Gustave alifua chuma tangu ujana wake. Makala, yale makaa ya miti, yalimlisha yeye na nyumba yake, na mwishowe makala hayohayo yakaanza kumla. Kikohozi kilimwingia polepole, kikamkaa kifuani, hata siku moja akiwa ameinama kuchochea moto pumzi ikamkatika, akaanguka magoti na koleo bado liko mkononi. Daktari aliyempima alimwambia kwa upole kwamba mapafu yamechakaa. Akamwambia achague: moshi au maisha.

Akachagua maisha, maana mkewe Immaculée alikuwa ameketi ubavuni pake na asingemwacha achague kingine. Lakini maisha yenyewe yakawa ya kukaa kwenye kiti. Asubuhi Immaculée alimtolea kiti uani, jioni akakirudisha ndani, na kati ya asubuhi na jioni mzee alitazama kuku, alitazama ua, alitazama ukuta wa karakana yake iliyofungwa. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomsumbua binti yao Bénédicte kuliko kikohozi. Baba aliyemjua alikuwa mtu wa kugomba. Aligombana na wateja waliotaka jembe la harakaharaka, aligombana na mvua, aligombana hata na chuma kikichelewa kuiva. Huyu wa kwenye kiti alikubali kila kitu.

Walikuwa wamefika Bunia kutoka Djugu, kijiji kimoja mbele ya Iga Barrière, asubuhi ile ambayo bunduki zilisikika upande wa mto na watu wote wakashika njia. Wengine walibeba magodoro na mbuzi. Gustave alifunga fuawe lake kwenye baiskeli, akaisukuma hadi mjini, matairi yakiwa yamelala kabisa chini ya uzito. Kule kijijini karakana yake ilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo, bila ukuta hata mmoja. Upepo uliingia na kutoka ulivyopenda. Bunia haikuwa hivyo. Katika kiwanja walichopanga, upande wa Mudzi-Pela, kitu kisichofungwa hakikulala. Kwa hiyo Gustave alijenga karakana ya mbao, akazibana mbao vizuri, akaziba nyufa kwa mabati ya makopo yaliyonyooshwa, akaezeka mabati juu na kuweka mlango mmoja wenye kufuli. Aliijenga vizuri mno, kama alivyofanya kila kitu.

Bénédicte hakuolewa, au tuseme aliolewa kidogo akarudi, na habari hiyo nyumbani haikuulizwa. Alikuwa amejifunza kusudiri, yaani kuchomelea chuma, kwa Gaël, fundi wa milango ya chuma, na sasa alifanya kazi zake mwenyewe: milango, nondo za madirisha, vitanda. Mikono yake ilikuwa na alama za cheche kama za babake. Siku moja alirudi mchana kuchukua waya, akakuta kiti cha uani kitupu. Mlango wa karakana ulikuwa umeegeshwa. Akachungulia. Gustave alikuwa amesimama mbele ya jiko lililojaa majivu ya zamani, koleo mkononi, kipande cha chuma baridi mdomoni mwa koleo. Alikuwa amekiweka pale penye moto wa siku zote, anangoja. Kisha akakitoa, akakilaza juu ya fuawe, akakigonga kidogo, kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua hamna watu.

Bénédicte alirudi nyuma kimya, akatoka nje ya ua, akasimama barabarani mpaka macho yalipokauka. Ndipo alipoamua.

Jirani yao Kamate alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa kutoka upande wa Butembo, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Bénédicte, aliyemwita yaya kama kaka mkubwa, alimkuta amelala chini ya pikipiki.

"Yaya Kamate, umeshaona moto ya gazi ya kuchomea chuma? Haina moshi."

"Nimeona kwa telefone," Kamate akasema toka chini. "Bazungu banafanya ndani ya ndoo. Unataka ya nini?"

"Ya Papa."

Kamate akatoka chini ya pikipiki, akajifuta mikono, akamtazama. Kikohozi cha Gustave kilikuwa kinavuka ua kila asubuhi na kuingia kwake pia.

"Leta bomba," akasema. "Tutaona."

Chupa ya gazi ililetwa na Stéphane, dereva wa lori aliyekuwa akishuka na mizigo kutoka mpakani kwa njia ya Mahagi, pamoja na mpira wake na kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gazi ambacho mafundi wanakiita detanderi. Mengine yalitafutwa hapahapa. Bénédicte alikata bomba la maji lenye urefu wa mkono mmoja. Nyuma yake akasudiri kikombe cha chuma kipana, kama mdomo wa tarumbeta, hewa ipate pa kuingilia. Katikati ya kikombe ilibidi gazi itoke kwa uzi mwembamba sana, yenye kasi, ili ivute hewa na kuingia nayo bombani. Hapo walikwama. Kila tundu walilotoboa lilikuwa kubwa mno. Ni Kamate aliyekumbuka jiklee ya pikipiki, kile kishaba kidogo cha ndani ya kabureta chenye tundu kama la sindano. Alichagua moja katika kopo lake la vifaa vya zamani, akaipuliza, akaitazama kwenye jua.

"Hii ilikuwa inanywesha moto piki," akasema. "Sasa itanywesha moto mzee."

Tanuru lenyewe lilikuwa ndoo ya rangi iliyolazwa ubavu. Ndani yake Bénédicte alisiliba udongo wa kichuguu aliouponda na kuuchanganya na majivu na unga wa mbao, akaacha ukauke taratibu kivulini usije ukapasuka. Gustave aliyaona yote haya kutoka kwenye kiti chake. Siku za kwanza alijifanya hana habari. Udongo ulipokuwa unasilibwa, akashindwa.

"Unaweka nyembamba," akasema. "Joto itatoka yote."

Bénédicte hakugeuka, asije mzee akaona uso wake. "Niongeze wapi, Papa?"

"Pale chini. Na huko nyuma. Lete, unaharibu."

Akainuka. Akapiga magoti kando ya ndoo na kuingiza mkono ndani, akaanza kusiliba kwa dole gumba, akikohoa, akigomba.

Immaculée alikuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, mlangoni mwa jikoni. Alitazama hayo yote na hakufurahi. Kwake gazi ilikuwa kitu cha kulipuka. Alisikia habari ya nyumba moja ya mtaa wa pili, na habari hiyo ilikuwa imemkaa.

"Moto ya kufunga ndani ya chupa," alisema. "Mutu anajua itatoka namna gani?"

"Itatoka namna nitaifungulia, Mama."

"Miye sikuiita hapa. Mukumbuke vile."

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Waliwasha uani, kila mtu amesimama mbali. Mwali ulitoka wa njano, ukarukaruka mdomoni mwa bomba kama kuku aliyekatwa shingo, kisha ukarudi ndani kwa mshindo na kuzimika. Immaculée aliingia nyumbani na kufunga dirisha. Mara ya pili ikawa vilevile. Kamate akasema jiklee imesogea mbele mno, haipi hewa nafasi. Wakairudisha nyuma kidogo. Bénédicte akapanua mdomo wa bomba kwa nyundo, ufunguke kama ua la alizeti changa, mwali upate pa kushika. Wakawasha tena.

Safari hii moto ulikaa. Ulikuwa wa buluu, mfupi, mkali, na ulinguruma mfululizo kama mvua kubwa juu ya mabati. Moshi haukuwapo, wala hakukuwa na harufu ya makala. Gustave alikuwa ameleta kile kipande cha chuma. Akakiingiza ndani ya ndoo, akangoja kwa uso wa mtu asiyetaka kudanganywa. Chuma kikawa chekundu, kikawa rangi ya chungwa, kikafika ile njano ya kiini cha yai ambayo mhunzi anaisubiri. Mzee akakitoa na kukilaza juu ya fuawe.

Alipiga. Akapiga tena. Pumzi haikukatika.

Hakusema aksanti, hakuwa na desturi hiyo. Alisema, "Mpini ya nyundo imelegea. Nani aliichukua?" Bénédicte akajua babake amerudi.

Waliingiza moto ndani ya karakana, maana uani usingelala salama. Kamate, wakati anafunga mpira wa gazi, alisema jambo moja ambalo Bénédicte atalikumbuka maisha yake yote.

"Moto yote inakula hewa. Hii inakula kupita makala, hata kama hauione. Mufanye kazi mulango iko wazi, wazi kabisa. Mumesikia?"

"Tumesikia," Bénédicte akasema. Akamgeukia babake. "Papa, umesikia?"

"Niko na masikio," Gustave akajibu.

Immaculée hakuwapo. Alikuwa amekwenda sokoni, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia maneno hayo. Yeye na karakana walikuwa mbalimbali siku zote. Kazi yake ilikuwa kupeleka chai hadi mlangoni na kuita.

Ikawa majira mazuri, pengine mazuri kuliko yote tangu waondoke kijijini. Habari zilikuwa zinasambaa kwamba upande fulani wa Djugu pametulia kidogo, na wakimbizi wengine walikuwa wanajitayarisha kurudi kujaribu mashamba. Watu hao hawakuwa na majembe. Yaliungua au yaliibiwa. Walikuja kwa Gustave kwa sababu walimjua tangu kule. Mama mmoja, Anastasie, aliyekuwa akilima jirani na shamba lao, alisimama mlangoni mwa karakana akalisikia fuawe, akafunika mdomo kwa kitenge na kuanza kulia, halafu akacheka mwenyewe. Gustave akamwambia aache kuzuia mwanga.

Kikohozi kilipungua, ingawa hakikuisha. Mzee alikula vizuri. Ila jioni, alipotoka karakanani, mara nyingi alilalamika kichwa.

"Ni hii kelele," alisema. "Moto ya makala ilikuwa inanyamaza."

Bénédicte alimpa dawa ya maumivu. Akasema moyoni kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti mwaka mzima, akirudi kazini, lazima kichwa kimuume. Siku nyingine Gustave alikosa hamu ya chakula na kutapika kidogo. Wakadhani malaria, maana huku kila kitu huanza kwa kudhaniwa malaria.

Kulikuwa na jambo jingine. Gustave, kwa vile alikuwa fundi kweli, hakuridhika na ule mwali wa buluu. Aliona unakitafuna chuma. Kila alipokitoa kilikuwa kimevaa maganda meusi, akigonga yanapukutika, na jembe linapungua unene.

"Moto hii iko na njaa," alimwambia binti yake. "Inakula chuma yenyewe."

Akakata kipande cha bati, akakizungusha kwenye kikombe cha hewa kama kofia, akakisogeza taratibu mpaka hewa ikapungua. Mngurumo ukashuka. Mwali ukawa laini, mrefu, ukitoa ndimi za njano nje ya mdomo wa ndoo. Chuma kilitoka safi.

"Umeona?" akasema. "Moto inaombwa, hailazimishwe."

Bénédicte aliona, akastaajabia. Ndiyo, babake alikuwa sahihi kuhusu chuma.

Siku ile Bénédicte alikuwa ametoka asubuhi kwenda Nyakasanza kufunga mlango wa duka. Mawingu yalikuja baada ya saa sita, yakitokea upande wa ziwa, meusi, na baridi mbele yao. Mvua ilipoanguka ilianguka kwa upepo, ikilala ubavu, ikaingia moja kwa moja kwenye mlango wa karakana. Bénédicte alijibanza chini ya kibaraza cha duka na vyombo vyake. Alifikiria nguo zilizoanikwa uani. Kuhusu karakana hakufikiri.

Immaculée ndiye aliyeanua nguo. Akiwa na kapu kichwani alipita mbele ya karakana, akaona maji yanavyomrukia mzee mgongoni, shati limeshamganda mwilini.

"Papa Béné, unalowana," akamwita. "Kifua yako utaiweka wapi?"

Gustave alikuwa anashika jembe kwa koleo, limeiva. Hakugeuka, kwa kuwa chuma kikiiva hakingoji mtu. Alitikisa kichwa tu. Kutikisa huko kungeweza kuwa ndiyo, kungeweza kuwa niache. Immaculée akavuta mlango, akaufunga, akaegemeza jiwe kwa nje upepo usiufungue. Kisha akakimbilia jikoni kumchemshia chai yenye tangawizi.

Kutoka jikoni aliusikia moto unanguruma, hata katikati ya mvua. Kwa hiyo alituliza moyo: mzee yuko kazini. Chai ikachemka. Akaiacha kidogo makaani, mvua ipungue. Ilipopungua, mngurumo wa gazi ukasikika vizuri zaidi, mfululizo. Ndipo alipogundua kwamba nyundo haisikiki, na kwamba haijasikika kwa muda.

Aliondoa jiwe. Joto lilimpiga usoni. Gustave alikuwa amelala ubavu chini ya fuawe, mkono mmoja chini ya shavu kama mtu aliyejipumzisha. Hakuungua. Hakuwa na jeraha. Jembe lilikuwa ndani ya moto, limeyeyuka ncha. Immaculée alimshika mikono kumvuta, na yeye mwenyewe magoti yakalegea na macho yakaingia giza. Hakuelewa kwa nini. Alimvuta hata hivyo. Alimvuta mpaka nje, kwenye matope na manyunyu, kisha akapiga kelele ambayo Kamate aliisikia juu ya pikipiki iliyokuwa ikiunguruma mbele yake.

Walimpeleka kwa pikipiki, Kamate mbele, mzee katikati, kijana wa jirani nyuma amemkumbatia asianguke. Bénédicte alikuta habari barabarani, akaacha vyombo vyake palepale penye matope.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimchukua Bénédicte pembeni na kuzungumza naye Kifaransa. Alimuuliza mzee alikuwa anafanya nini. Alimuuliza ni moto gani. Kisha akamuuliza kama mlango ulikuwa wazi.

"Huwa wazi siku zote," Bénédicte akasema.

"Na leo?"

Bénédicte alikumbuka jiwe ambalo Kamate alimwambia alilikuta mlangoni, akageuka. Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kitenge kimelowa, matope hadi magotini, kikombe cha chai bado mkononi. Alikuja nacho tangu nyumbani na hakuwa amejua.

"Leo ulikuwa umefungwa," akasema.

Daktari alimweleza. Moto uliokosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu; huingia kwenye damu na kukaa mahali pa pumzi. Mtu halii, hakohoi. Anasikia usingizi. Akasema maumivu ya kichwa ya jioni yalikuwa hayohayo, kidogokidogo. Pengine moto ulikuwa unawaka vibaya tangu siku nyingi, na mlango ndio uliokuwa unamwokoa. Akasema ataamka, bila shaka ataamka, ila ubongo uliokosa hewa wakati mwingine hulipa baadaye.

Bénédicte alirudi kwenye benchi.

"Anasema nini?" Immaculée akauliza.

"Anasema ni hewa ya gazi. Imemwingia kwenye damu."

Immaculée alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Nilikuambia. Miye nilikuambia ile kitu haiko muzuri."

"Ndiyo, Mama."

"Ulitaka kumusaidia, najua. Lakini nilikuambia." Akautazama ukuta. "Bahati nilifunga mulango. Angenyeshewa pia, na kifua yake vile iko. Hata pale Mungu alitusaidia kidogo."

Bénédicte alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo yote, yamepangwa, ni kuyaachia tu. Alitazama ile mikono ya mama yake kwenye kikombe. Akakichukua kikombe, akakiweka chini ya benchi.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ulifanya vizuri."

Gustave aliamka. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akagomba na Kamate kuhusu pikipiki, akaomba mihogo. Kanisani walitoa shukrani. Bénédicte alianza kuamini kwamba daktari alikuwa anasema tu yale ambayo madaktari husema ili wasilaumiwe. Kwa majuma machache iliwezekana kuamini hivyo.

Halafu siku moja Gustave alivaa shati juu ya shati. Siku nyingine alitoka kwenda msalani, akasimama katikati ya ua hajui anakwenda wapi, mkojo ukamtoka palepale. Alianza kutembea kwa hatua fupi za kuburuta. Maneno yakampungua, kwanza majina ya watu, kisha majina ya vitu. Mama Anastasie alipokuja kuuliza hali, mzee alimtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni wa serikali. Bénédicte alimwekea nyundo mkononi, ile yake ya siku zote. Akaigeuzageuza, akanusa mpini, akamrudishia.

"Ya nani?" akauliza.

Immaculée aliyabeba yote kwa mikono yake: kumwogesha, kumlisha, kumwamsha. Hasira yake aliipeleka kwa chupa ya gazi, na chupa haikuweza kujibu, basi ikamfikia binti. Hakupiga kelele. Alisema maneno madogomadogo, akiwa anasonga ugali au anakunja nguo. Kwamba mtu akiwa mzima kwenye kiti ni bora kuliko huyu. Kwamba makala angalau walikuwa wanayajua. Siku moja alisema, bila kuinua macho, "Baba yako hakukuomba moto."

"Hakuniomba," Bénédicte akakubali.

Kamate, aliyejua habari za mlango kwa kuwa yeye ndiye aliyeona lile jiwe, alimngoja Bénédicte barabarani.

"Mama yako anakusema mbele ya watu," akasema. "Kwa nini haumuambie?"

"Nitamuambia nini? Kwamba ni yeye?"

"Si yeye. Hakujua."

"Hakujua kwa sababu miye sikumuambia. Nilimuambia Papa tu, weye ulikuwa pale." Akasogeza jiwe kwa mguu. "Anamunawisha kila siku, Yaya Kamate. Akijua, atamunawisha na mikono gani?"

Kamate akarudi kwenye pikipiki zake. Hakumwuliza tena.

Wateja wa majembe walikuwa bado wanakuja. Wengine walikuwa wameshatangulia Djugu na wamerudi tena, wakikimbia. Wengine walikuwa wanataka kujaribu hata hivyo, kwa kuwa chakula cha kambini hakikutosha. Bénédicte aliwarudisha wote, mpaka siku alipomwona Mama Anastasie akiondoka mikono mitupu, begani kitambaa alicholeta cha kufungia jembe. Asubuhi iliyofuata alichukua mtarimbo na kuanza kung'oa mbao za karakana.

Aling'oa ukuta wa mbele. Misumari ilipiga yowe, kwa maana mzee aliipigilia ili ikae. Aling'oa ukuta wa kushoto. Mlango ukabaki umesimama peke yake kwenye fremu, hauna cha kufunga. Akaung'oa pia, akaulaza chini. Ukabaki ukuta wa nyuma na paa juu ya nguzo. Upepo ukapita, ukainua majivu ya zamani, ukayatawanya uani.

Immaculée alikuwa amemkalisha mzee kwenye kiti na anamfunga kitenge mabegani. Alitazama kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho.

"Unavunja nyumba ya baba yako kwa nini?" akauliza.

"Nataka mwanga, Mama. Ndani kulikuwa giza."

"Wezi batakuja."

"Nitaingiza vyombo nyumbani kila jioni."

Bénédicte alikitoa kile kipande cha bati kwenye kikombe cha hewa, akakitupa. Aliwasha. Moto ukanguruma, wa buluu, mfupi. Gustave aligeuza kichwa kuelekea sauti, na kwa muda kidogo uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta neno. Chuma kilipofika njano, Bénédicte alikitoa. Mzee akainuka kwa ile miguu yake ya kuburuta, akaja, akanyoosha mkono mtupu kukishika, kama mtu anayepokea embe.

Bénédicte alikirusha chuma upande wa pili, akamdaka babake kifuani kwa mikono yote miwili. Alibaki amemshika hivyo. Mzee hakukataa.

Immaculée alikuja kumchukua. Alipomfikisha kwenye kiti, hakurudi jikoni. Alisimama akatazama nguzo, akatazama mlango uliolazwa chini, akatazama jinsi mwali ulivyokuwa unapepea pepo zikipita.

"Béné."

"Mama."

"Ile siku. Kama mulango ungekuwa wazi."

Bénédicte alikuwa ameinama kuokota chuma chake, kimeshapoa na kuwa cheusi. Alikichukua kwa koleo, akakirudisha ndani ya moto, akakisogeza vizuri, akasogeza tena.

"Ingekuwa tu vile, Mama," akasema. "Ni gazi. Ni miye niliileta."

Mama yake alisimama hapo mpaka chuma kilipoiva tena, kisha akaenda zake jikoni. Tangu siku hiyo hakumsema tena binti yake, si mbele ya watu wala nyumbani. Lakini mvua ikinyesha, hata ile ya upepo, hafungi mlango wa nyumba yao. Maji huingia hadi chini ya kitanda cha mzee, Immaculée akiwa ameketi kando yake, amemfunika blanketi mbili, anatazama nje. Mvua ikikatika Bénédicte huchukua tambara, hupiga magoti, hukausha sakafu.